Vita Dhidi ya Nobu ya Kati

Jumatatu, 3 Machi

Balaa. Jukwaa ni dogo.

Bucha katuambia leo, amekaa nyuma ya ngoma zake na aproni bado ina damu. Jumamosi alasiri bendi yetu ya metali, ule muziki mzito wa magitaa na kelele, itapiga mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Mwenye ukumbi amelipima jukwaa na kusema wanatosha watu wanne. Sisi ni watano. Bendi ya metali bila ngoma ni kikao. Bila mwimbaji ni karakana. Bila besi ni mbu. Kwa hiyo anayezidi ni mpiga gitaa mmoja, na wapiga gitaa ni wawili: mimi niliyeianzisha bendi, na shemeji yangu kinyozi, niliyemwingiza kwa sababu ni mdogo wake mke wangu na nilitaka amani nyumbani. Amani sikuipata. Na sasa hili.

Bucha akapendekeza shindano. Alhamisi, mimi na shemeji tupige wimbo uleule kwa zamu, wenzetu watatu wakipiga nasi huku wametupa mgongo. Watakayempenda kwa masikio ndiye atakayepanda jukwaani. Mwingine atabeba nyaya. Mwalimu, mwimbaji wetu, ambaye mchana hufundisha chekechea na jioni hunguruma kama lori linalopanda mlima, alisema hiyo ni haki kabisa. Kimya, fundi viatu na mpiga besi wetu, aliitikia kwa kichwa. Huo ndio mchango wake katika kila mjadala.

Nilikubali kabla hawajamaliza. Shemeji naye akakubali, huku anajitazama kwenye kioo cha friji la nyama. Masikini. Amplifaya yake ni kijisanduku kilichokuwa kinapigia wateja redio saluni, kitambaa cha mbele kimechanika, na anapiga kwa mkwaruzo wa sauti kidogo mno, kama mtu anayeomba radhi. Mpiga metali asiye na mkwaruzo ni sawa na simba anayebisha hodi.

Mimi kesho naenda kuchukua mashine.

Mke anauliza mashine itakaa wapi. Nimemjibu kwamba swali hilo ni la baadaye. Amesema kwake ni la sasa.

Jumanne, 4 Machi

Kazini nimeaga kwamba nakwenda kukagua mizani sokoni. Ndiyo kazi yangu. Nikikuta mizani imechezewa naibandika karatasi nyekundu, na mwenyewe anaanza kuniita mheshimiwa. Nikapita sokoni bila kusimama, nikaingia duka la ala za muziki.

Nilijaribu amplifaya tatu. Ya kwanza nyepesi, ya kielektroniki tupu. Unaiwasha inaanza kazi papo hapo, haina hata adabu ya kupata joto. Nikaikataa. Ya pili ya valvu, zile chupa ndogo za kioo zinazowaka rangi ya chungwa kwa nyuma. Muuzaji akasema hiyo ndiyo wapigaji wengi wa metali huichukua, kwa kuwa inabana vizuri na inasikika hata bendi ikichachamaa. Nikamuuliza, wengi? Akasema, wengi. Nikaikataa. Umri wangu huu sijawahi kuona wengi wakiwa sahihi. Ya tatu nayo ya valvu, nyeusi, kubwa kuliko friji la nyumbani, na nobu yake ya mkwaruzo, kile kitufe cha kuzungusha, inazunguka kupita pale ambapo za wenzake zinakomea. Sikuuliza zaidi.

Nikaongeza pedali, visanduku vya kukanyaga kwa mguu. Moja ya mkwaruzo, iusaidie mkwaruzo wa amplifaya. Nyingine ya mkwaruzo, iisaidie ya kwanza. Moja ya mwangwi, nisikike kama nipo pangoni. Na moja ya kunyamazisha, kwa sababu hizo nyingine zikikaa pamoja zinavuma hata hujagusa gitaa. Muuzaji akasema kwa upole kwamba nikipunguza mkwaruzo sitaihitaji hiyo ya mwisho. Nikamwambia ana roho nzuri, hataendelea katika biashara.

Kisha tukagombana juu ya nobu ya kati. Amplifaya ina nobu tatu za kuitengeneza sauti: ya besi, ya juu kule kwenye makali, na ya kati. Hiyo ya kati nikaigeuza hadi sifuri. Muuzaji akashtuka. Kaka, akasema, hapo ndipo gitaa linapoishi! Nikampa msimamo wangu, nao naunakili hapa kwa faida ya vizazi. Kati ni sauti ya kamati. Ni sauti ya mtu anayesema pande zote mbili zina hoja. Metali haina pande mbili. Metali ni kaburi chini na msumeno juu, na baina yao hewa tupu. Anayeweka kati anaogopa.

Muuzaji akasema sawa kaka, mteja ni mfalme. Akaanza kufunga mzigo kwa haraka ambayo nimeichukua kuwa heshima.

Bei siandiki. Shajara husomwa na wake.

Nyumbani, chumba cha wageni, mlango nimeufunga. Nikapiga chodi moja, nyuzi zote kwa mpigo. Ulikuwa mwisho wa dunia, na ulipendeza. Jirani akaja kuuliza kama pampu ya maji imekufa. Mke akasema wimbo hakuusikia ila sufuria zimetembea. Nikaipiga tena ili nimfurahishe zaidi.

Shemeji, kwaheri.

Jumatano, 5 Machi

Hujuma!

Mazoezi huwa ni katika stoo ya nyuma ya bucha. Vigae vyeupe hadi juu, kulabu za nyama, chumba cha baridi kinachokoroma. Mashine yangu ilibebwa na mimi, Bucha na Kimya, na Bucha alisema ameshabeba fahali mwenye ushirikiano zaidi. Shemeji alikuja na chake kwapani. Mkono wa pili alishika chanuo.

Tukaanza. Nikapiga. Sikujisikia.

Nikaongeza sauti. Sikujisikia. Nikaongeza hadi mwisho, valvu zikawa kama macho ya chui, na bado nikawa kama niko kwenye filamu isiyo na sauti. Besi ya Kimya ilimeza chini yangu yote. Visahani vya Bucha vikameza juu yangu yote. Na pale katikati, ambapo mimi kwa msimamo sipo, alikuwa amejikalia shemeji na kijisanduku chake, anasikika noti kwa noti kama mtoto anayelia msibani.

Wimbo ulipokwisha, Kimya alinigeukia. Akafungua mdomo. Wote tukatulia, maana jambo hili hutokea mara chache. Akaniuliza kwa nini leo sikuja na gitaa. Hakuwa anatania. Gitaa nilikuwa nimelivaa.

Nikafanya uchunguzi. Kumbe nilisimama karibu na nusu ya ng'ombe inayoning'inia! Nyama hunyonya sauti, jambo hili linajulikana. Nikaomba ng'ombe aondolewe. Bucha akasema ng'ombe huyo ana oda yake, na ana haki ya kukaa pale kuliko mtu yeyote chumbani. Vicheko. Mwalimu akaongeza kwamba wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, basi langu waliliacha nje ya hesabu. Vicheko tena. Shemeji alicheka huku ananipigapiga begani, ambayo ni namna mbaya zaidi ya kucheka.

Nilimvuta Bucha pembeni. Nikamkumbusha, kirafiki, kwamba mwezi huu ukaguzi wa mizani unaweza kuanzia kwenye bucha. Akasema karibu sana, Mkaguzi, na uje na lile limashine lako tulipime: kilo tutaziona, sauti je?

Hana hofu. Mizani yake ni sahihi. Hii ndiyo kasoro ya watu waaminifu, hawashikiki.

Nimerudi nyumbani na kutafakari. Shemeji hanizidi kwa sauti. Ananizidi kwa kusikika. Ni vitu viwili tofauti, na hicho cha pili ni ujanja. Kijisanduku chake lazima kina mpangilio fulani wa siri. Dawa ya mpangilio ni kuupangua.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefika bucha mapema kuliko wote, nikisema nataka kuzipasha valvu moto. Bucha alikuwa na foleni ya wateja. Akaniruhusu kwa ishara ya kisu, bila kuangalia.

Kijisanduku kilikuwa juu ya kreti, shemeji alipokiacha jana. Nikakiharibu kwa ustadi. Besi nikaitoa karibu yote. Ya juu nikaipunguza. Mkwaruzo, ambao tayari ulikuwa mdogo, nikaurudisha nyuma hadi aibu. Na ile ya kati, ile ya kamati, nikaizungusha hadi ikagoma. Sauti mbaya kuliko zote zilizowahi kuumbwa. Nisingemfanyia hivyo adui. Nikamfanyia shemeji.

Nilijisikia vibaya kidogo, maana mimi ndiye wa kubandika karatasi nyekundu. Kisha nikakumbuka kwamba amplifaya si mizani, na sheria haiitaji popote.

Wakaja. Watatu wakageukia ukuta. Bucha alilazimika kuzigeuza ngoma zake zote, akalalamika kwamba anavipigia vigae kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Sarafu ikarushwa. Mimi wa kwanza.

Nilipiga kwa imani yangu yote. Jasho, macho nimefumba, mguu juu ya pedali ya pili ya mkwaruzo. Katikati ya wimbo Mwalimu akanyoosha mkono, bado ameutazama ukuta, akauliza huyu wa kwanza ataanza lini. Shemeji, kwa unyofu wake, akasema ameshaanza. Mwalimu akasema pole.

Zamu ya shemeji. Alipiga chodi ya kwanza, akaruka. Akakitazama kijisanduku kama vile kimemwita jina. Kisha akaendelea, na sina budi kuandika nilichokiona: kila noti ilisimama peke yake kama askari gwarideni. Bucha alipiga ngoma hadi kulabu ikaanguka. Mwalimu akanguruma hadi mteja mmoja akachungulia kutoka mbele kuuliza anachinjwa nani. Hawakungoja wimbo uishe. Waligeuka wote watatu. Kura haikupigwa, ilikuwa usoni mwao.

Basi nikawa nimeipoteza nafasi yangu katika bendi yangu. Nilianza kukunja nyaya.

Hapo shemeji akasema ngojeni kwanza. Akasema ile si sauti yake. Akainama akaziangalia nobu, nadhani kwa mara ya kwanza maishani, akasema kuna mtu amekigusa. Chumba cha baridi kikakoroma. Bucha akauliza aliyefika mapema ni nani, halafu akajijibu mwenyewe kwa kuninyooshea kijiti cha ngoma.

Mtu afanyeje? Nilikuwa na nafasi ya kuvuta pumzi moja. Nikaivuta. Nikasema ni mimi. Nikasema nilimwona mdogo wangu anahangaika na sauti, nikaona nimtengenezee, hata kama litanigharimu nafasi.

Shemeji akanikumbatia. Alinukia manukato ya baada ya kunyoa, na nadhani alilia. Akasema, shemeji, kumbe unanipenda! Miaka yote hii nilidhani unanivumilia tu! Mwalimu akapiga makofi kama anavyowapigia watoto waliofunga viatu wenyewe. Bucha akatangaza kwamba mikono kama hii haibebi nyaya: Jumamosi mimi ndiye fundi wa sauti, nitakaa kwenye mikisa, ile meza ya kuchanganya sauti, nyuma ya ukumbi, na sauti ya bendi nzima itakuwa mkononi mwangu.

Nimepandishwa cheo kutoka jukwaani.

Bado sielewi sauti mbaya vile iliwezaje kupendeza. Hitimisho la muda: vigae. Vigae hupenda ubaya.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi nilikusudia kulipiza kisasi. Mchana nimebadili nia.

Sababu ni mke. Kaka yake, yaani mdogo wake, kamsimulia yote kwa simu, na mke akanisifu mezani mbele ya watoto. Alisema baba yenu ana moyo. Watoto waliniangalia kwa mashaka. Lakini alisema, na akanipa kipande kikubwa cha nyama.

Kwa hiyo kesho sitaihujumu bendi. Nitaipa zawadi. Ukumbini hakuna vigae wala ng'ombe. Nitawapa wote sauti ya kweli ya metali, ngoma, besi, gitaa na mwimbaji, kila mmoja kaburi chini na msumeno juu. Watalia. Shemeji ataelewa alichokikosa. Mimi nitasamehe.

Nilimweleza mke mpango huo, nikichora nobu juu ya kitambaa cha meza kwa mpini wa kijiko. Akauliza hii ya katikati inafanya nini. Nikasema inaharibu. Akauliza inaharibuje. Nikasema inafanya kila kitu kisikike. Akasema ahaa, akaendelea kukusanya sahani.

Jumamosi, 8 Machi

Ukumbi ulijaa. Wateja wa bucha, wazazi wa chekechea waliodhani ni tamasha la watoto, vichwa vyote vilivyonyolewa na shemeji, na mashabiki halisi wachache, wenye fulana nyeusi, waliosimama mbele kabisa na mikono kifuani. Hao ndio wa kuwaogopa. Mke alikuja kukaa nami kwenye mikisa, mkoba mapajani.

Mikisa ina nobu za kati kwa kila chombo. Nilizizima zote, moja moja, kama mtu anayefunga madirisha kabla ya dhoruba.

Wakaanza. Ilikuwa sauti niliyoiota! Sakafu ilitetemeka. Kioo cha dirisha kikaanza kuimba. Watu wa mbele wakatazama dari. Mzazi mmoja akamvuta mtoto, akidhani ni mvua ya mawe. Mwalimu alifungua mdomo, mishipa ya shingo ikasimama, na ukatoka upepo. Shemeji alikuwa anachezesha vidole kwa kasi ya kutisha, na kutoka kwake kulisikika kitu kama mtu anayefagia nyumba ya pili. Akanitazama. Akaonyesha kidole juu: ongeza. Nikaongeza besi. Vumbi likadondoka.

Mashabiki wa fulana nyeusi ndio waliotoka kwanza. Wakafuata wengine, wameinama kidogo, kama watu wanaotoka kwenye hotuba. Shemeji aliwaona. Bucha aliwaona. Siku waliyoingojea muda wote huu ilikuwa inatoka mlangoni kwa miguu yake.

Sikuweza kukaa. Nikakimbilia nje kuwarudisha. Niliwakuta kwenye ngazi, nikawapa msimamo wangu juu ya kati. Nimefika kwenye kaburi na msumeno wakanipa mgongo ghafla. Nikadhani wamekasirika. Kumbe wanasikiliza. Mmoja akasema heeh! Wakarudi ndani mbio, nusura wanikanyage.

Nikaingia nyuma yao. Ukumbi mzima wima. Gitaa la shemeji lilikuwa linakata kama wembe wake, Mwalimu ananguruma na kila neno linasikika, wazazi wameziba masikio ya watoto huku wao wenyewe wanaruka. Kimya alikuwa anatabasamu. Ana mwanya, sikuwahi kujua.

Kwenye mikisa, mke alikuwa amekaa vilevile, mkoba mapajani, uso wa mtu aliyemaliza kuosha vyombo. Nobu za kati zote zimegeuzwa kulia.

Nikamuuliza amefanya nini. Akasema alitaka kumsikia mdogo wake. Nikamuuliza alijuaje ni ile. Akasema, baba watoto, wiki nzima umeitukana nobu hii, mchana na mezani, nikajiambia kitu kinachotukanwa hivi na mume wangu lazima kina faida.

Mwishoni watu walikuja kumpongeza fundi wa sauti. Nikapokea. Mke alikuwa anatafuta funguo kwenye mkoba, sikutaka kumsumbua.

Jumapili, 9 Machi

Bucha amekuja nyumbani na shati safi, kwanza nilidhani ni mchumba wa mtu. Ana habari. Mwenye ukumbi kafurahi. Ana ukumbi mwingine, mkubwa, na anatutaka huko mwezi ujao. Jukwaa pana. Wanatosha watano.

Yaani nafasi yangu ya gitaa imerudi! Nilisimama. Bucha akasema kaa kwanza, Mkaguzi. Kuna sharti. Gitaa langu lisikike. Likisikika, niko ndani. Lisiposikika siku ya mazoezi, wataendelea wanne, na safari hii kwa hiari yao. Kuhusu mikisa, wamemwomba mke wangu. Mke alikubali kabla hajamaliza sentensi, akauliza kama kuna kiti chenye mto.

Walinizunguka. Bucha alisema ni nobu moja tu, ndugu yangu, kuizungusha hakuuvunji mkono. Mke alisema hivyohivyo kwa maneno makali zaidi. Shemeji naye, aliyekuja na mkasi kuwanyoa watoto, akaniwekea mkono begani. Akasema, shemeji, wewe jitengenezee yako kama ulivyonitengenezea yangu, basi, siombi zaidi.

Nikasema nimewasikia. Nikaahidi kwamba kesho nitalishughulikia suala la kati mara moja na milele. Mke akanipa tena kipande kikubwa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetimiza ahadi.

Nilitafakari njia nzima. Sauti yangu haina kosa, na Jumamosi imethibitisha. Ilikuwa kamili mpaka pale mkono wa mtu ulipoingilia. Tatizo, basi, ni kwamba nobu ya kati ipo. Ikiwepo, kila mtu atashawishika kuizungusha: leo mke, kesho Bucha, keshokutwa mimi mwenyewe nikiwa mnyonge. Mlango usiotaka ufunguliwe, unaujengea ukuta.

Nimekwenda dukani na kuomba amplifaya isiyo na nobu ya kati kabisa. Muuzaji akaingia stoo, akarudi anapangusa vumbi kwa mkono wa shati. Ipo moja. Ina nobu ya besi na ya juu, na baina yao chuma kitupu. Akasema anawajibika kuniambia kwamba kila aliyeinunua ameirudisha, akidai haisikiki kwenye bendi.

Nimemwambia aifunge. Inaelekea wote hao wana bendi zenye makelele.